Kitambaa Ambacho Hakikuungua

Mtaani walimwita Fundi Kipimo, kwa kuwa mtu akiingia tu mlangoni, yeye alishajua mabega yake yana inchi ngapi. Duka lake la ushonaji lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani vitatu, meza ya kukatia na, karibu na dirisha, meza ya kupigia pasi. Hapo ndipo aliposimama Mzee Pasi, ambaye alinyoosha nguo za duka hilo kwa pasi ya mkaa tangu enzi za baba yake fundi. Marehemu baba aliacha sheria moja: kitambaa cha mteja ni amana. Kikipokelewa, kipande chembamba kama kidole hubanwa kwa pini daftarini, kwenye ukurasa wa vipimo vya mteja huyo. Nguo ikichukuliwa, mabaki yote hufungwa na kurudishwa kwa mwenyewe, hata kama hayatoshi kufutia miwani.

Sheria hiyo iliijengea familia heshima. Ndiyo hiyo pia iliyomfanya fundi asiweze kuufungua ukurasa wa arobaini na mbili wa daftari lake.

Ukurasa huo ulikuwa na kipande cha sufu ya bluu, cha bwana harusi mmoja. Kilipoletwa, fundi alikuwa na miaka miwili katika kubeti. Alianza kwa mzaha, na mkeka wake wa kwanza, ile orodha ya timu alizozibetia, ukashinda. Bahati mbaya kubwa kuliko zote. Baadaye hata pesa hazikuwa shida yake. Alichokitafuta ni zile dakika za mwisho wa mechi, kifua kimebana, dunia nzima imekuwa goli moja. Akishinda alirudi kwa sababu ameshinda, akishindwa alirudi kukomboa. Alilalamika kwamba mikeka yake huchanwa na timu moja tu. Dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu aliyemlea, alimjibu kwamba hata ndoo huvuja kwa tundu moja tu.

Jumamosi moja aliiuza ile sufu sokoni, akijiapiza kwamba Jumatatu ataikomboa. Jumatatu ilifika mikono mitupu. Mteja alipokuja kujaribu suti, Mzee Pasi alikuwa ametoka kuchukua mkaa, na mdomo wa fundi ukajisemea wenyewe: kitambaa kimeungua, mzee wetu macho yamemchoka.

Dada hakutaka maneno mtaani. Alimnunulia bwana harusi kitambaa kingine siku hiyohiyo, na jioni akamkabidhi Mzee Pasi barua ya kumpumzisha, pamoja na bahasha. Mzee aliisoma taratibu, akavua aproni. Aliuliza jambo moja tu: "Mabaki yako wapi?" Fundi akajifanya anatafuta mkasi.

Mtu angedhani aibu hiyo ingemponya fundi. Wapi. Sasa alibeti ili apate pesa za kumrudisha mzee kwa heshima, na kila alipopoteza, deni la moyoni lilizidi kuwa zito. Nguo alizipiga pasi mwenyewe. Joto la chuma lilipompanda usoni, alihisi anatazamwa kutoka dirishani.

Kukosa usingizi ndiko kulikompeleka hospitali. Muuguzi alimpima presha, akamdadisi kidogo, kisha akamwelekeza kwa mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Huyo alimuuliza kama huwaficha watu kiasi anachobeti, kama hurudi kesho yake kukomboa, kama akijaribu kuacha huwa mkali bila sababu. Fundi alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akajiona kama mtu aliyepekuliwa mifuko. Mama yule akamwambia huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Walifunga akaunti zake za kubeti wakiwa wamekaa pamoja. Wakakubaliana pesa za duka azishike dada, naye awe anakuja kila Alhamisi kwenye kikundi cha wenye shida kama yake.

Neno ugonjwa lilimpoza. Alilikimbilia kama msumari wa kutundikia koti, akatundika kila kitu: mikeka, sufu, na Mzee Pasi. Mshauri alimwacha amalize.

"Ugonjwa tutautibu pamoja, baba," alisema. "Lakini mzee ulimsingizia wewe."

Jioni hiyo alimweleza dada yote. Dada alivua miwani, akaikunja.

"Kwa hiyo nilimfukuza mtu asiye na kosa," alisema, "tena kwa mwandiko mzuri."

Kisha akashauri mzee alipwe kimyakimya, jina la baba lisiburutwe barabarani. Fundi alimjibu kwamba walishaliburuta, ila walimbebesha mzee ili wasionekane. Dada hakubishana. Alikwenda kuvaa viatu.

Walimkuta Mzee Pasi kibarazani akisuka kamba za kiti. Jirani aliyekuwa akipita alimsalimu, "Shikamoo Mchoma Suti," naye akaitikia kama mtu aliyekwisha kulizoea jina. Fundi alikaa chini sakafuni, akasema yote, macho yake kwenye vidole vya mzee.

"Sufu ikiungua hunuka kama nywele," mzee alisema. "Siku ile nilirudi na mkaa, nikakuta duka linanuka sabuni."

"Kwa hiyo ulijua. Mbona hukusema, Mzee wangu?"

"Nilikushika mkono ukijifunza kutembea. Nikasema, huyu atakuja kesho. Kesho yako imekuwa miezi tisa."

Bahasha ya pili, waliyokuja nayo, hakuigusa. Alitaka asafishwe palepale alipochafuliwa.

Jumamosi iliyofuata, duka likiwa limejaa, bwana harusi na Mzee Pasi wakiwa wameitwa, Fundi Kipimo alifungua ukurasa wa arobaini na mbili, akasema kitambaa hakikuungua, alikiuza yeye akabeti. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao wakaondoka. Dada alisimama kando yake, kichwa juu, akawasindikiza hadi mlangoni kwa adabu.

Mzee Pasi alikataa kurudi kazini. Aliichomoa pini, akakitia kile kipande cha bluu kwenye mfuko wa shati.

"Haya ndiyo mabaki niliyoyaulizia," alisema, akatoka.