Mwandishi wa Barua, Nje ya Posta

Miaka ile karatasi ilikuwa adimu Musoma, na mwandishi wa barua pale nje ya posta hakukubali kuipoteza kwa maneno kama huzuni. Kalamu aliishika juu ya karatasi bila kuigusa, macho nusu ameyafumba, kama anayesubiri samaki aguse ndoana. Mama mmoja wa Nyegina alimwambia, “Mwandikie mume wangu nina majonzi sana.” Mwandishi akaiweka kalamu chini.

“Jana ulipika nini, mama?”

“Ugali na sato.”

“Wa watu wangapi?”

Mama akatazama ziwa. “Wawili. Nasahauga kama hayupo. Asubuhi fungu lake nawapaga kuku.”

Mwandishi akaandika hivyohivyo, akatia nukta. Kisha akaupuliza wino uliokwisha kukauka, akaupuliza tena.