Majani ya Mama Benedicta

Sauti anayoikumbuka Méthode ni ya vishina vikiachana na udongo: pra, pra, pra, kama kanga kuukuu ikichanwa. Alikuwa amepiga magoti uani Umbilo, mtaa wa Durban, aking'oa majani ya kutambaa ambayo marehemu Mama Benedicta aliyapanda kipande kwa kipande hadi yakafunika ua wote. Mwenye nyumba alipanga kumwaga zege hapo Jumatatu. Clara, binti wa marehemu, alikuwa anahamia Queensburgh, na katika vitu vyote vya mama yake alitaka hayo kwanza.

Alimwomba Méthode kwa kuwa kanisani wanamwita Papa Agronome, baba mtaalamu wa kilimo. Jina hilo alijipa mwenyewe mwaka aliofika Durban, siku alipochekwa kwa kazi ya kulinda magari. Kwao Fizi, Kongo, alikuwa na tuta la matembele, basi.

Akayafanya kama matembele. Fizi hukati shina leo ukapanda leo. Unalilaza kivulini siku mbili linyauke, ndipo litoe mizizi. Clara alipouliza kama hayatakauka, alimjibu kwa Kifaransa kirefu, binti akakubali kwa heshima. Majani yakalala kwenye magunia, katika joto la Februari. Jumatatu alipoyafungua yalikuwa ya moto, yananuka. Umbilo zege lilikwisha kumwagwa. Akayapanda hivyo hivyo kwa Clara, Queensburgh.

Kila asubuhi Clara aliyanywesha maji kabla ya kwenda saluni, na kila jioni alipiga simu kuuliza yataamka lini. Wiki ijayo, Méthode alisema. Wiki iliyofuata akasema udongo wa Queensburgh ni mzito.

Ndipo Alhamisi moja, Clara akiwa kazini, Méthode alitumia ufunguo wa geti aliopewa. Aling'oa yaliyokufa, akapanda mengine ya aina ile ile, aliyoyanunua kwa wauza miche. Yale makavu hakuweza kuyatupa. Aliyapeleka kwake ndani ya gunia, akalisukuma chini ya kitanda.

Jumapili Clara aliita akina mama wa kwaya waje kwake wayaone majani. Huguette, mwenye mdomo kuliko wote, alimtazama Méthode upara.

"Agronome, na hapo juu je? Au udongo ni mzito?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Clara hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, kiganja juu ya jani changa.

"Mama iko," alisema. "Muone, iko inaamka."

Akachukua mkasi. Kila mmoja apate kipande, alisema, akapande kwake, mama aenee mji mzima. Papa Agronome atawaonyesha namna. Wanawake wakanyoosha mikono.

Méthode alipiga magoti kando yake, akaushika mkono wenye mkasi. Clara ilimbidi ainame ndipo amsikie.

"Haya si ya mama yako, mwanangu. Ya mama yako niliyaua."