Jina la Kijiji cha Babu

Majuzi nilimkuta mwanafunzi wangu amelala juu ya dawati, nikamwacha alale. Nilikumbuka alasiri moja nikiwa mtoto, kwenye stesheni ya mji wetu wa Kolwezi, wakati tulipofukuzwa kwa kuwa asili yetu ni mkoa wa Kasai, ambako mimi sikuwahi kufika. Kwa siku nyingi tulikuwa tukingoja treni kati ya mafurushi, moshi wa makaa na harufu ya mihogo ya kuchoma. Kila usiku nyimbo za waliotufukuza zilitunyima usingizi.

Mama alikuwa akinifundisha jina la kijiji cha babu.

“Sema tena. Tukipoteana mu treni, utaambia batu unatoka wapi?”

Nilijaribu, likaniponyoka. Nilidhani jina lile linanikataa kwa sababu hatujuani. Leo najua kwamba ubongo usiolala haushiki kitu.

“Acha mutoto alale,” bibi alimwambia mama. “Kichwa yake imechoka.”

Nililala mapajani pa bibi, akinipepea kwa kitenge. Nilipoamka jua lilikuwa limepoa, na jina likatoka mdomoni lenyewe, zima.

Mama aligeuza uso, akalia. Nikadhani nimekosea, nikaanza kutafuta jina jingine.