Binamu ameomba ruhusa ya kulima katikati ya reli, stesheni aliyokulia baba

Wakuu, salaam kutoka Stockholm.

Nawasimulia nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Ya mzee nitasema ni ya mzee, maana nusu ya habari zake hata mimi huwa sizimezi.

Baba ni Mkongo wa upande wa Ziwa Tanganyika. Amekulia kwenye stesheni ndogo ya treni, babu akiwa stesheni masta, au "chef" kama wanavyosema wao.

Kwa maelezo yake palikuwa na saa kubwa ukutani na bustani ya maua. Treni ikitoka ziwani, kijiji kizima kinanukia dagaa. Akina mama wanauza mihogo ya kuchemsha madirishani, babu akipuliza filimbi wanadai hela zao huku wanakimbia.

Vita ikaja, treni ikakoma.

Mimi bila ushahidi siamini. Nikafungua picha za setilaiti: bati lenye kutu na majani, basi.

"Baba, bustani iko wapi?"

"Hiyo imepigwa toka juu. Sisi tulikuwa chini."

Sasa Jumapili tuko kwake Hagsätra, hapa hapa Stockholm, tunakula, binamu yangu Amisi akapiga video call. Yeye anaishi humo humo stesheni, pamoja na familia zilizokimbia vijiji vyao. Anayelala chumba cha tiketi anaitwa Mama Tiketi. Wa stoo, ukoo mzima ni "Mizigo". Nilicheka sana.

Amisi hakucheka.

"Mjomba, tunaomba ruhusa tulime katikati ya reli. Mashamba ya mbali hatuendi tena, kuna watu wa bunduki."

Kumbe wamelima kila upande mpaka ukingoni. Katikati hawajawahi kugusa, ingawa udongo umeshafunika mawe.

Nikadakia: "Ruhusa ya nini? Reli ni ya serikali, na treni yenyewe haipo!"

"Dada Zawadi, wewe kula tu. Naongea na mtoto wa chef."

Baba akaweka kijiko chini. "Na treni ikija?"

"Mjomba, watoto wanalala njaa."

Mama, ambaye ni wa Kigoma, akasema taratibu: "Baba Zawadi, mjibu mtoto."

Baba akamwambia Amisi ageuze simu. Tukaziona reli, nyekundu kwa kutu, zimenyooka mpaka zinapotelea porini. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Limeni karanga. Michikichi hapana. Mti utazuia treni."

"Karanga, mjomba. Tukisikia honi tunang'oa."

Wakuu, mimi bado siamini kuwa treni itarudi. Ila swali langu la reli ni ya nani niliona ni la kitoto. Watu wenye njaa wameiachia treni njia miaka yote hiyo, bila askari wa kuwasimamia.

Stesheni iliyokufa kwenu, watu wameifanya nini? Na wanaobisha karibuni, hata mimi ni mbishi.