Boneti Isiyo na Alama za Vikombe

Nyumba ninayopanga Kuze, mtaa wa kale wa vichochoro, haina banda la gari, na sijui nyumba ya Kuze iliyo nalo. Gari langu huliacha kwenye uwazi mdogo mwisho wa kichochoro, chini kabisa ya dirisha langu, na kila asubuhi huliendesha kwenda kazini bandarini. Hapo uani pa wote chumvi hulilamba usiku, kunguru hulinyea alfajiri, na jioni huja wazee.

Wazee hao ni majirani, wanne au watano, na mwenye sauti kati yao ni fundi wa kushona kanzu. Wakishasali magharibi walikuwa wakiegemea gari langu kama ukuta wa kwao, muuza kahawa akipanga vikombe juu ya boneti, na mazungumzo yakianza: bei ya samaki, harusi ya nani imeingia maneno, nani kapaka nyumba rangi ya kuudhi. Mimi ni mtu wa bara na aibu ya watu nimezaliwa nayo. Niliwasikiliza kutoka juu, nikicheka peke yangu nyuma ya pazia.

Kila jioni fundi aliinua uso. "Jirani! Shuka unwe kahawa."

"Ahsante mzee, nimeshakunywa."

Sikuwa nimekunywa chochote. Nilijiambia ipo siku nitashuka, na hiyo siku niliisogeza mbele kila ilipokaribia. Wakati huohuo niliona kama nipo nao kwa namna fulani, maana gari langu lilikuwa katikati yao. Lilikubaliwa Kuze kabla yangu.

Lakini mimi nina hasira za karibu. Asubuhi moja nikaona vikombe vimeacha duara kwenye rangi, moja juu ya nyingine, na kando yake kinyesi cha kunguru kimeshaanza kuichoma. Nikaamua kulipaka gari seramiki. Ni dawa ya majimaji inayouzwa katika kichupa kidogo cha bei ya kuumiza. Ukiipaka juu ya rangi inakauka ikawa ngozi ngumu inayong'aa, uchafu usishike. Mzungu niliyemtazama kwenye video za simu aliifanya kazi hiyo ndani ya banda lenye taa kama chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa na mtungi wa maji, vitambaa na ukaidi.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda Kizingo, mtaa wa matajiri, nikaegesha kando ya ukuta mrefu wenye kivuli. Miti nilikwepa, kwa sababu miti ina kunguru. Nikaosha, nikakausha, nikapiga polishi mpaka mkono ukafa ganzi. Zile duara za kahawa zilifutika pole pole, ya mwisho ikiwa sugu kuliko zote, na nilipoishinda nilifurahi kama mjinga. Nikafuta mafuta yote kwa spiriti, kisha nikaanza kupaka seramiki, sehemu ndogo ya ukubwa wa sinia kila mara, juu chini, kushoto kulia. Unangoja mpaka ianze kumetameta rangi rangi, halafu unaifuta upesi. Ukichelewa, doa limebaki. Na joto letu halina adabu: nilijifunga taulo kichwani jasho lisidondoke juu ya kazi. Magari yalipita na vioo vimepandishwa. Asubuhi nzima hakuna aliyenisalimu, na kwa kuwa nimezoea Kuze, ambako hata paka akikupita unaulizwa habari, jambo hilo liliniuma zaidi ya mgongo.

Niliporudi nyumbani gari lilikuwa zuri ajabu. Dawa hiyo huhitaji siku kadhaa kukomaa, bila maji na bila kuguswa, kwa hiyo jioni nikawahi dirishani kabla wazee hawajaegemea.

"Wazee wangu, samahanini. Nimelipaka dawa. Naomba lisiguswe wiki moja tu."

"Hapana neno," fundi akasema. "Hatutaligusa, jirani. Twataka radhi kwa zile siku zote."

Wakasogea. Ndivyo walivyo, ukiwaomba hatua moja wanakupa kumi. Wakahamia kwenye baraza ya duka lililofungwa, kona ya pili, na kutoka dirishani kwangu sikuwaona tena wala kusikia neno. Jioni zikawa kimya. Nilishika kitabu nikasoma ukurasa mmoja mara nyingi.

Wiki ikaisha, hawakurudi. Nikamkuta fundi mlangoni kwake nikamwambia dawa imeshakauka, sasa wanaweza kuegemea watakavyo.

"Aa, gari zuri vile!" akacheka. "Sisi na vikombe vyetu tutalitia alama bure. Liache ling'are."

Nilitaka kumwambia kwamba sitaki ling'are. Nilitaka kumwambia kwamba nawakosa, watu ambao sikuwahi kuketi nao hata mara moja. Nikamwambia ahsante.

Jioni ile nikavaa shati safi, nikashuka. Nililipita gari bila kulitazama. Kona ya pili nikawakuta wameketi, miguu imevuka kichochoro chote, kahawa inanukia. Maneno nilikuwa nimeyapanga kwenye ngazi: nimekuja kunywa kahawa. Hayo tu.

"Masalkheri, wazee."

"Masalkheri, jirani. U hali gani?"

"Njema." Nikasimama pale. Nikairekebisha kola ya shati, wote wakinitazama kwa upole. Fundi akaangalia miguu yao iliyoziba njia, akashtuka.

"Eh! Mpisheni jirani apite ndia."

Wote wakakunja miguu mara moja, mmoja akainuka kabisa na kujibana ukutani, muuza kahawa akalivuta dele lake la kahawa pembeni. Njia ikawa nyeupe mbele yangu. Sikuwa na pa kwenda. Nikasema ahsanteni, nikapita.