Nyuki Walivyomfuata Shangazi

Juzi huko Makere niliona nyuki wakimpita mbuzi aliyetulia, wakamfukuza mbwa aliyekuwa akikimbia. Nikamkumbuka shangazi Anastazia.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja tulikwenda naye kurina asali, na msitu wa Murungu ulinuka moshi wa nyasi mbichi. Babu alipofungua mzinga, nyuki walitoka kwa mvumo mmoja. Yeye alisimama kama gogo. Shangazi alikimbia, kitenge chake cheusi kikipepea, na kundi zima likamfuata. Alifariki kabla hatujafika zahanati.

"Aliamka na ugomvi," wanawake walinong'ona msibani. "Nyuki hawamtaki mtu mwenye hasira."

Kwetu watu waliogombana nyumbani hawaendi kurina asali siku hiyo. Niliamini nyuki walikuwa wameuona moyo wake, na kwa miaka mingi niliogopa hata kulitaja jina lake.

Sasa najua kwamba jicho la nyuki hunasa upesi kitu kinachosogea, hasa kikiwa cheusi. Nilimweleza babu hayo. Aliitazama mikono yake.

"Asubuhi ile aligombana na mimi, mjukuu wangu," alisema. "Na mimi ndiye niliyefoka zaidi."