Mtu Aliyeniwekea Draiva

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Kansanga, Kampala, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Mimi ni fundi cherehani. Habari za mizimu nilikuwa nawaachia watu wasio na kazi.

Siku hiyo saa tisa alasiri nilikuwa na usaili wa video. Mke wangu Furaha na binti yetu Neema walikuwa wametangulia Kanada, mimi karatasi zangu zikachelewa, na usaili huo ulikuwa wa mwisho kabla ya kuwafuata. Sisi tuliotoka Kongo tunajua uzito wa siku kama hiyo. Ukiikosa, faili lako linarudi chini ya mafaili ya wengine, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa sikia upumbavu wangu. Laptop yangu ilikuwa ya zamani na ilikataa kufungua kile kiungo nilichotumiwa. Jana yake nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. Ikawa inawaka haraka, nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Kesho yake nawasha kibandani, alama ya mtandao haipo. Sisemi mtandao ulikuwa dhaifu, nasema alama yenyewe haipo. Kwenye orodha ya vifaa, kile cha waya-lesi, cha kushika mtandao bila waya, kimewekewa alama ya mshangao ya manjano. Nikazima, nikawasha. Nikakifuta kwenye orodha ili kijirudishe, kikarudi na alama yake ileile. Nikampigia fundi wa mjini, akasema draiva haikuingia, yaani ile programu inayoiwezesha mashine kutumia waya-lesi, kwa hiyo niipakue mtandaoni. Niipakue kwa mtandao upi? Simu yangu ni kitochi cha kupiga na kupokea tu. Jirani yangu mwenye simu kubwa, Mama Aisha anayeuza sambusa mlango wa pili, alikuwa ameenda hospitali ya Mengo kumwona mgonjwa. Na mvua ilikuwa imeanza, ile ya Kampala inayofunga njia zote. Ilikuwa saa nane na robo.

Ndipo akaingia mwanamume mmoja kujikinga mvua. Alikuwa wa makamo, mpole, wa kawaida kabisa. Akanisalimu kwa Kiswahili cha Uvira, kwetu kabisa, hata nikasahau mvua. Akauliza mashine ina shida gani, nikamweleza yote. Akatoa flashi mfukoni, akaichomeka.

"Weka kidole hapa," akanionyesha kitufe cha Enter. "Usiondoe mpaka miye niseme."

Nikaweka. Kwenye skrini kimstari cha kijani cha kupakia kikaanza kutembea, polepole mno.

"Mashini inapenda kumujua mwenye mali," akasema. "Jina ya mama yako ni nani, ndugu?"

Hapa nataka unielewe, maana ndipo kosa langu lilipo. Sisi wakimbizi hatusimulii kesi zetu. Unaweza kupanga ua mmoja na mtu miaka sita na usijue alikimbia mwezi gani. Kesi yako ndiyo mali yako pekee. Lakini mimi nilikuwa nimeirudia ile hadithi peke yangu wiki mbili nzima kwa ajili ya usaili, ilikuwa mdomoni, na yule mtu alitamka jina la mtaa wetu kama mama yangu alivyokuwa akilitamka. Nikamwambia. Akauliza tulikimbia usiku gani, tulivuka na nani, nani hakufika. Nikamwambia. Akauliza Furaha nilimpa nini tulipooana, na kovu la Neema liko mguu upi. Nikamwambia, niamini, kwa raha, kama mtu anayetua mzigo.

Kazi yangu ni kuangalia nguo, hata nikiwa na mawazo. Nikaliangalia shati lake. Begani hapakuwa na mshono. Kwapani hapakuwa na mshono, wala ubavuni, wala kwenye kola. Nimeshona miaka kumi na tisa, na nguo ya namna hiyo haishoneki.

Nikataka kuondoa kidole. Hakikutoka. Nikavuta mkono, mkono haukuja, miguu nayo ikabaki pale chini ya meza. Nikafungua mdomo nipige kelele, ukatoa jibu la swali lake lililofuata. Unajua hofu ya kujisikia unaongea bila wewe kutaka?

Saa tisa kasoro dakika chache Mama Aisha akatokea mlangoni, mwavuli mkononi, na mteja wangu mmoja nyuma yake. Nikasema moyoni nimepona. Akatazama ndani, akanitazama mimi usoni, kisha akamgeukia yule mteja.

"Fundi hayuko," akasema. "Wewe kuja kesho."

Wakaondoka. Nililia, na machozi yalikuwa kitu pekee changu kilichoweza kusogea.

Kimstari kilipofika mwisho, yule mtu akasema basi, akachomoa flashi yake, akatoka mvuani. Mkono ukaachia. Waya-lesi ilikuwa imejaa mistari yote, saa ya mashine ikionyesha saa kumi na dakika tano. Nikafungua kiungo haraka, kimefungwa. Nikapiga simu ofisi ya usaili kuomba radhi. Dada aliyepokea akacheka kwa upole, akasema mbona tumezungumza sasa hivi, baba, umejibu vizuri sana, hata kilio chako tumekielewa.

Nilipeleka malalamiko mpaka viatu vikaisha soli. Kila dirisha la ofisi nilioneshwa picha ya usaili, na uso ni wangu. Miezi saba baadaye nikaambiwa faili limefungwa, mwenyewe amesafiri, na nikiendelea kujifanya yeye wataniitia polisi.

Usiku huo nikampigia Furaha, niliyekuwa nimemficha yote hayo kwa aibu. Akasikia sauti yangu.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Nyuma yake nikasikia mwanamume akimwuliza ni nani anayepiga saa hizi. Ilikuwa sauti yangu. Neema alikuwa anacheka.

Tangu hapo namba hiyo haipokelewi. Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma: mashine ikikukatalia, iache ikatae. Tafuta waya, tembea na mvua, poteza hata hiyo siku yenyewe. Ila usimpe mtu maisha yako yote kwa sababu tu anaongea kama watu wa kwenu.

Mimi bado nashona hapa Kansanga. Kila nikilala naomba dua moja, na naona aibu kuitamka: kwamba yule mtu awapende.